Akidi si nusu ya watu

Akidi ni idadi ya chini kabisa ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili uamuzi wa mkutano uwe halali. Basi. Lakini nenda ofisi yoyote Nairobi, iwe Upper Hill au Westlands, Jumatatu asubuhi, utamsikia mtu akihesabu vichwa: "Tuko sita kati ya kumi, akidi imetimia, tuendelee." Imetimia kwa kanuni gani?

Hiyo nusu sijui tuliiokota wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 121, inadai wabunge 50 tu katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, Spika kando, na maseneta 15 katika Seneti. Kwa hiyo viti vinaweza kuwa vitupu, kengele ikalizwa kuwaita watu, wakatimia 50, na kazi ikaendelea bila sheria kuvunjwa. Tena kura ina hesabu yake. Kifungu cha 122 kinataka wingi wa waliopo na kupiga kura, kwa hiyo hoja ya kawaida yaweza kupita kwa kura 26. Ukichanganya akidi na wingi wa kura, hapo ndipo unapopotea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba asili yake haikuwa hesabu. Kwa Kiingereza akidi huitwa quorum, neno la Kilatini lenye maana ya "ambao miongoni mwao". Hati za Uingereza za kuteua mahakimu wa amani ziliwataja baadhi yao kwa majina, kwamba kesi fulani zisisikilizwe pasipo mmoja wao kuwapo. Swali lilikuwa nani yupo. Wangapi, lilikuja baadaye.

Chama chenu au sacco ina katiba, na akidi imeandikwa humo, isomeni. Kikao cha timu cha Jumatatu hakina katiba, kwa hiyo hakina akidi. Mtakaa sita, mkubaliane kumbadilisha anayewauzia karatasi, kumbe mhasibu anayetia sahihi malipo amekwama kwenye jam ya Mombasa Road. Jumanne mnaanza upya, na chai ya ofisi inaisha mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, ukiona watu wametosha, sema tu wametosha. Na katika mwaliko wa kikao kijacho, andika jina la yule ambaye asipokuwapo hakuna kinachoamuliwa.