Simu zikikata siku ya kimbunga, habari atapeleka nani? Tuongee redio za ridhaa

Mnakumbuka Mei ya 2024? Jumamosi tarehe 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia na pwani ya kusini, upepo na mvua vikapiga, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama huku na huku. Hatujakaa sawa, Jumapili tarehe 12 intaneti ikayumba nchi nzima, kumbe kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zimekatika huko Afrika Kusini kaskazini ya Durban. Ni mambo mawili tofauti, hayahusiani, na siku ile ya kebo simu za kawaida zilikuwa bado zinaita ndo maana wengi tumeshasahau. Mimi kazi yangu ni mawasiliano ya dharura kwaiyo sijasahau. Zilipishana siku 8 tu, na kila nikizikumbuka najiuliza, je zingeangukia siku moja?

Wengi nikiwauliza wananiambia mnara si upo pale, haujaanguka, tatizo nini. Mnara hauhitaji kuanguka ili ufe. Unakula umeme, umeme ukikatika unahamia kwenye betri, betri ni za masaa tu, baada ya hapo jenereta, jenereta inataka dizeli, dizeli inaletwa na gari, na gari linataka barabara, sasa barabara ndo hiyo imeondoka na maji. Hata umeme ukiwepo, mnara umeunganishwa na wenzake kwa faiba au kwa kurushiana mawimbi mnara kwa mnara, daraja likisombwa na faiba iliyopita pembeni yake inakwenda nalo. Alafu zile dakika za kwanza kila mtu anapiga, mama anatafuta mtoto, bosi anatafuta dereva, mtu yuko Tandika anamtafuta bibi yake Kilwa, nafasi za mnara zinajaa, simu inakuonyesha vijiti vinne na haitoki.

Sasa redio za ridhaa ni nini. Ridhaa ni ile ile ya ndondi za ridhaa, mtu anafanya kwa mapenzi yake, halipwi. Wazazi waliokaa misheni au makao makuu ya wilaya zamani wanaijua simu ya upepo, una saa yako ya kuita, unabonyeza unaongea, unaachia unasema ova, unasubiri. Hii ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba simu ya upepo ilikuwa ya ofisi na ilikuwa na masafa yake machache basi (masafa hapa ni zile namba za kutegea redio, sio umbali), ila mtu wa redio ya ridhaa amefaulu mtihani, ana leseni yake, ana kolsaini yake, yaani jina lake la hewani la herufi na namba (za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, Rwanda 9X, Kongo ya Kinshasa 9Q), anaruhusiwa masafa mengi, na anaruhusiwa hata kujiundia mitambo yake mwenyewe. Haruhusiwi kufanya biashara hewani, wala kupiga muziki, wala kuongea kwa mafumbo ya siri. Na kati ya redio yake na redio yako hamna mnara, hamna kampuni, hamna bando, ni hewa tupu.

Naomba mnivumilie kidogo hapa kwa sababu ndo penye kosa ninaloliona kila siku. Mtu ananunua vile viredio vya mkononi vya bei poa, anaviweka kwenye chaji, anasema sisi kikundi chetu tumejiandaa. Kile kiredio ni wati 5 hivi, kinafika pale jicho linapofika au zaidi kidogo, kwa walinzi wa kiwanda kinatosha, kwa kuongoza watu kwenye uwanja wa msaada kinafaa sana. Lakini Mafia mpaka Dar ni kama kilomita 130, Mtwara mpaka Dar ni kama 400, hapo kiredio cha mkono hakina lake. Ukiweka ripita, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, juu ya kilima unasogea mbele, sawa, ila ripita nayo inakula umeme na inaweza kufa siku ile ile mnara ulipokufa.

Kinachotuvusha ni masafa ya chini zaidi, haya tunayoyaita HF, na antena ambayo ukiiona utacheka. Ni waya tu. Chukua 143 gawanya kwa masafa yako kwa megahezi, ukitumia 7.1 unapata mita 20 na kidogo, kata katikati ziwe mbili za mita 10, unganisha pale kati waya unaokwenda kwenye redio, funga ncha zako kwenye minazi miwili, urefu kutoka chini mita 3 mpaka 5. Basi. Watu wa kuongea na Ulaya wanapandisha antena juu kadri wanavyoweza, sisi tunaotaka kuongea na Lindi tunaishusha kusudi, kwa sababu ikiwa chini mawimbi yanapanda moja kwa moja juu, yanagonga lile tabaka la anga lililochajiwa na jua, kilomita zaidi ya 200 huko, alafu yanarudi kutuangukia pande zote. Ni kama umeshika bomba la kumwagilia bustani ukalielekeza mbinguni, unalowa wewe na wote waliokuzunguka. Kilima hakizuii maana mawimbi hayapiti pembeni yanashukia kutoka juu. Mchana 7 MHz inafanya kazi nzuri, usiku lile tabaka linadhoofika tunashuka kwenye 3.5, na kule msimu wa masika radi zinakoroma sikioni usiku kucha inabidi uwe mvumilivu.

Chama cha kimataifa cha redio za ridhaa, IARU, kimetenga masafa ya kukutania wakati wa dharura, kwa kanda yetu 3.760 na 7.110 MHz, na ya dunia nzima maarufu ni 14.300. Yaandike kwenye karatasi uyabandike ukutani karibu na redio, usiyaweke kwenye simu, simu ndo hiyo tunasema itazima.

Haya, klabu inafanya nini siku za kawaida? Ukija mara ya kwanza utaona kama hamna kitu. Kila wiki siku ile ile saa ile ile kuna neti, mmoja anakuwa mdhibiti, anaita kolsaini moja moja, kila mtu anajibu yuko wapi, anamsikia mwenzake kwa nguvu gani, leo anatumia umeme wa TANESCO au betri, basi anarudi kimya. Nusu saa imeisha. Vijana wanaona inachosha, na mimi naielewa hiyo hali, ila nimekaa kwenye neti nyingi na nawaambia huo uchoshi ndo mazoezi yenyewe, kwa sababu baada ya miezi unajua sauti ya kila mtu, unajua yule wa bondeni hasikiki baada ya jua kuzama, unajua yule mzee akiitwa anachelewa kujibu kwa sababu redio iko chumba kingine. Siku ya maafa huna muda wa kuyajua hayo. Na la muhimu kuliko yote, umezoea kunyamaza. Neti yenye watu 20 wanaojua kunyamaza inapitisha ujumbe mwingi kuliko watu 5 wanaodakia.

Alafu kuna kuandika ujumbe, na hapa ndo ninapotumia muda mwingi zaidi nikifundisha. Kwenye zoezi moja kijana alipewa ujumbe wa "tuleteeni dawa na maji", ukapita kwa watu watatu, ukafika "tuleteeni dawa ya maji". Herufi moja tu! Kituo cha kwanza kina watu wana kiu na wagonjwa, kituo cha mwisho kinapakia vidonge vya kutibu maji. Kwaiyo ujumbe unaandikwa kwanza, ndo unasomwa. Una namba yake, una uzito wake kama ni dharura au wa kawaida, unatoka kwa nani, unakwenda kwa nani, saa ngapi, maneno yenyewe machache, na aliyepokea lazima ausome wote kurudi, neno kwa neno, mpaka mwenye ujumbe aseme sahihi. Ukichoka kurudia pumzika mpe mwenzako kiti.

Namba nazo zinatutesa sisi wenye Kiswahili. Kwenye kelele za hewani "kumi na tatu" na "kumi na tano" ni kitu kimoja, kwaiyo tunasema tarakimu moja moja, "moja, tatu", na tunarudia. Majina ya mahali tunayataja kwa herufi, Somanga inakuwa Sierra Oscar Mike Alfa November Golf Alfa, ni ndefu lakini hamna mtu atapeleka boti sehemu nyingine. Na saa jamani, saa! Mtu anakwambia gari litafika saa nane, ya mchana au ya usiku, na akisema kwa Kiingereza ndo eight yake ni ipi? Tumekubaliana kwenye ujumbe tunaandika saa kwa mfumo wa masaa 24, saa nane mchana ni 14:00, na kwenye logi, lile daftari la mawasiliano, tunatumia saa ya dunia yaani toa 3, inakuwa 11:00. Mwanzoni kichwa kinauma, baada ya wiki chache unazoea.

Lingine nawasisitizia kwa uchungu kabisa: redio haina siri, yeyote mwenye kipokezi anasikiliza. Usitaje jina la marehemu hewani. Kamwe. Kuna mtu amekaa na redio yake anasubiri habari ya mdogo wake, asije akaipata kwako namna hiyo.

Kwa wanaouliza kama watu wa burudani wanaweza kweli kusaidia, angalieni visiwa vya Andaman, India. Desemba 2004 mama mmoja, Bharathi Prasad, kolsaini yake VU2RBI, alikuwa Port Blair na timu yake, wamepata kibali baada ya visiwa vile kukaa miaka mingi bila redio za ridhaa, na walikwenda kwa starehe tu, kuongea na wenzao wa dunia nzima wanaosaka visiwa adimu. Tarehe 26 likapiga tetemeko, ikaja tsunami, simu zikafa. Redio zile zile, antena zile zile zilizofungwa kwa ajili ya starehe, ndo zikapeleka habari kati ya visiwa na bara, nani mzima, wapi panahitajika nini. Mitambo ilikuwa tayari na vidole vimezoea. Na wimbi lile lile siku ile ile lilivuka bahari likafika na kwetu, Somalia wakafariki watu karibu 300, Tanzania na Kenya pia tulipoteza watu. Lilichukua zaidi ya masaa 7 njiani. Masaa 7! Kule Mombasa watu waliwahi kuondolewa ufukweni kwa sababu habari ilitangulia maji.

Kwaiyo ndo maana tunatoka nje na mitambo. Duniani kuna desturi ya wikiendi moja ya Juni kwenda porini, kufunga antena kwenye miti na kukesha masaa 24 bila umeme wa gridi, na sio lazima ungoje Juni. Utajifunza mambo ambayo hakuna semina inafundisha, kwamba klipu za betri umesahau nyumbani, kwamba kamba imekuwa fupi, kwamba usiku mbu hawakupi nafasi ya kuandika. Utajifunza na hesabu ya betri. Redio ya wati 100 ikisikiliza inakula kama ampia 1, ikiongea inafika 20. Ukiongea dakika 5 tu kwa saa unatumia kama ampia-saa 2.6, betri ya risasi (kama ya gari) ya ampia-saa 100 usiimalize zaidi ya nusu, una 50, yaani masaa kama 19. Ukipunguza nguvu ziwe wati 20, na mara nyingi zinatosha kabisa, unavuka siku. Sola ya wati 100 ikipata jua inakurudishia sehemu kubwa, ila siku za kimbunga jua hamna, kwaiyo hesabu bila jua.

Mwenye kutaka kuanza aanze na leseni. Bongo ni TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya kwao, usibonyeze kitufe cha kuongea bila leseni hata kama redio umenunua kwa pesa yako, maana unaweza kuwa umeangukia masafa ya polisi au ya ndege bila kujua. Kanuni za kimataifa hazimzuii aliye kwenye hatari kutumia njia yoyote aliyonayo kuomba msaada, lakini hiyo ni siku ya hatari. Wavuvi wenye redio za baharini nyinyi mna chaneli 16 ya kuitia msaada, mnaijua. Na mwenye leseni asikurupuke kwenda kwenye eneo la maafa na redio yake, nenda ukiitwa, kamati ya maafa ya wilaya ijue upo na ikupangie, mtu wa ziada asiye na kazi anakula chakula na maji ya waathirika.

Kusikiliza hakuhitaji hata mtihani. Ukipata redio ya masafa mafupi yenye SSB (namna ya kurusha sauti wanayotumia watu wa ridhaa, angalia kama redio ina kitufe chake), mchana mmoja weka 14.100 MHz ukae kimya dakika 3. Kuna vituo 18 duniani vinapokezana hapo, kila kimoja sekunde 10, na kimoja kiko Kenya, 5Z4B. Kinataja kolsaini yake kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu badala ya herufi, alafu kinapiga milio minne mirefu, wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne ni sehemu ya kumi ya wati. Andika kwenye daftari umesikia vituo gani, umesikia milio mingapi, na ilikuwa saa ngapi. Kesho yake rudia saa nyingine.