Leza haiponyi glakoma

Wengi wakishapigwa leza huamini glakoma (ugonjwa unaoua neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha kubwa ndani ya jicho) imeisha, wakaacha matone ya kushusha presha hiyo siku hiyohiyo. Hapo ndipo mambo huharibika. Leza aina ya SLT hupiga vidoti 100 hivi kwenye chujio dogo linalotoa maji ya jicho, pembeni mwa konea (kioo cha mbele cha jicho), ili yapite kwa urahisi. Ni dakika chache tu, jicho likiwa limetiwa ganzi ya matone. Presha ya jicho hushuka kwa takriban asilimia 20 hadi 30, ila si papo hapo: hesabu wiki 4 hadi 6. Saa ya kwanza huweza hata kupanda, ndiyo maana hupimwa tena kabla hujaondoka. Neva ya jicho iliyokwisha kufa hairudi, kwa hiyo usitarajie kuona vizuri zaidi. Baada ya miaka kadhaa nguvu ya leza hufifia, hurudiwa.