Je, wajua kwa nini mwezi wa kutazama kwa darubini ni ule wa nusu, wa siku za maji mafu, bahari isipojaa sana wala kutoka sana, na sio wa kumi na tano?

Juzi hapa Jambiani baada ya sala ya magharibi watu walikaa ufukweni kuangalia nyota, darubini moja ya miguu mitatu imesimamishwa mchangani, watoto wa skuli foleni, wazee nyuma yao, na swali lililorudi rudi ni moja: mbona mmetuita mwezi ukiwa nusu? Si mngengoja kumi na tano tukauona wote? Jibu lake ndo utamu wenyewe.

Mwezi ukiwa wa kumi na tano jua linakuwa nyuma yetu sisi tunaotazama, mwanga unaupiga usoni moja kwa moja, kwa hiyo kila mlima kule kivuli chake kinajificha nyuma yake hatukioni. Unachungulia unakuta sahani nyeupe yenye mabaka na jicho linakuchonyota, bas. Hujui wapi pameinuka wapi shimo. Hebu jaribu hapa hapa pwani maji yakitoka, tembea saa sita mchana kisha geuka utazame nyayo zako, huzioni vizuri, mchanga wote unawaka mweupe. Rudi saa kumi na moja jioni jua likiwa chini: kila unyayo una kivuli chake, vile vimikunjo vilivyoachwa na maji unavihesabu kimoja kimoja, hata kishimo cha kaa unakiona toka mbali. Mchanga ni ule ule, ila mwanga umelala.

Sasa mwezi ukiwa na siku saba au nane, ule mstari unaotenga upande wa mwanga na upande wa giza, pale ndo kunakucha kule mwezini, jua linachomoza na vivuli ni virefu ajabu. Bibi mmoja alipochungulia pale kwenye mstari alinyamaza muda, halafu akasema, "Lahaula, kumbe una mashimo!" Na kweli. Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1609 alivitazama vivuli hivyo hivyo akajua mwezi una milima na mabonde, akakisia na urefu wa milima yenyewe.

Hata wale wanaanga wa Apollo 11, watu wa mwanzo kutua mwezini, Julai 1969, walipangiwa kutua asubuhi ya mwezini jua likiwa chini, makusudi vivuli viwaonyeshe mawe na mashimo kabla hawajagusa chini. Wangetua mchana wa kule wangeona weupe mtupu.

Faida nyengine ni kwamba nusu mwezi mwanga wake haufiki hata nusu ya ule wa mwezi mpevu, ni kama sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu ya vivuli hivyo hivyo, kwa hiyo nyota nyingi zinapona. Tena saa moja usiku uko juu kabisa na unazama kwenye saa sita za usiku.

Wavuvi wetu wala hawahitaji kuambiwa tarehe. Mwezi ukiandama na ukiwa wa kumi na tano, jua na mwezi vinavuta bahari kwenye mstari mmoja, ndo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Ukiwa nusu kila kimoja kinavuta upande wake, na siku moja mbili baadaye yanakuja maji mafu. Kwa hiyo bahari ikianza kulegea, mwezi ukiwa bado unakua, toa darubini, hata baineko ya kawaida, ile ya macho mawili, inatosha.

Kijana mmoja aliuliza liko wapi lile shimo kubwa la Tycho alilolisoma skuli, lenye upana wa kama kilomita 85, yaani Unguja nzima kwa urefu wake inakaribia kuingia humo. Akaambiwa leo bado liko gizani. Ule mstari unasogea kama digrii 12 kwa siku, arudi keshokutwa, jua litakuwa limeshachomoza ukingoni mwake na ule mlima wa katikati utaonekana na kivuli chake.