Le Potentiel ni la nani?

Kurasa za mbele za magazeti ya Kinshasa zinatufikia Lubumbashi asubuhi kwa WhatsApp, na wanafunzi wangu wa uandishi wa habari hawachoki kuuliza: "Mwalimu, Le Potentiel ni la serikali ao la upinzani?"

Jibu la neno moja halipo. Ni lazima kumfuata mwenye gazeti. Modeste Mutinga alilianzisha mwaka 1982, enzi ya MPR ya Mobutu, chama pekee cha nchi, wakati magazeti kama Salongo na Elima hayakuwa na ruhusa ya kutoka nje ya mstari. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na magazeti ya Kinshasa yakaanza kusema. Le Phare, la Polydor Muboyayi, lilisogea upande wa Étienne Tshisekedi, kiongozi wa upinzani. Mutinga alijenga jina kwa kukosoa wenye madaraka, Mobutu kwanza, kisha Laurent-Désiré Kabila. Mwaka 2000, waandishi wakiwa bado wanatupwa gerezani, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ya New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Alistahili kabisa.

Kuanzia mwaka 2003 mambo yanageuka. Katika serikali ya mpito, Mutinga aliongoza Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari. Fikiria: mwanzilishi wa gazeti anakuwa mwamuzi wa magazeti yote, pamoja na yale yanayoshindana na lake. Tarehe 27 Julai 2006, siku tatu kabla ya uchaguzi, makao ya Mamlaka hiyo yaliporwa siku ya mkutano wa kampeni wa Jean-Pierre Bemba, mgombea urais. Baadaye Mutinga akawa seneta, na mwaka 2021 waziri wa mambo ya kijamii katika serikali ya Sama Lukonde.

Si yeye peke yake. L'Avenir ni la Pius Muabilu, aliyekuwa waziri chini ya Félix Tshisekedi. Le Soft ni la Kin-Kiey Mulumba, msemaji wa serikali ya Mobutu katika siku zake za mwisho.

Lakini mwenye gazeti ni nusu tu ya jibu. Nakala zinazouzwa ni chache, matangazo ya biashara ni haba, mshahara wa mwandishi ni mdogo, wakati mwingine haupo. Hapo inaingia kupaji: anayeita waandishi kwenye mkutano wake anawapa bahasha, na habari inatoka jinsi anavyotaka. Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kumsifu waziri juu na mpinzani wake chini. Ukitafuta itikadi hapo, utaikosa.

Ninachodai ni kitu kidogo na kinawezekana kesho: mwanzilishi akiingia serikalini, gazeti liandike hivyo chini ya kila habari inayogusa wizara yake. Msomaji wa Katuba au Kamalondo, huku kwetu Lubumbashi, ambaye hajawahi kufika Kinshasa, ana haki ya kujua nani anaongea naye.