Risasi ya pindo: inavyoingia chemba na inavyotoka

Wasomaji wa taarifa za polisi Dar es Salaam wamezoea kusikia "maganda ya risasi yaliokotwa". Ganda la SMG, au la shotigani ya mlinzi wa benki pale Posta, lina kiduara katikati ya kitako. Hapo ndipo inapokaa fataki, kilipuzi kidogo kinachowasha baruti. Ganda la .22, risasi ya pindo yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, halina kiduara. Kitako chake ni bapa, na alama ya pini, kichuma kinachoipiga fataki, iko pembeni kabisa.

Fataki yake imefichwa ndani ya pindo, ule ukingo unaotokeza kuzunguka kitako. Pini inalibana pindo kwenye mdomo wa chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa), fataki inalipuka, baruti inashika. Ili libonyee, shaba yake lazima iwe nyembamba, ndiyo maana risasi hizi zina nguvu ndogo na ganda halijazwi tena. Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka 1887, na hadi leo ndiyo inayotumika Olimpiki kwenye shabaha ya mita 50.

Pindo hilohilo linafanya kazi nyingine zote. Ukikoki, bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) inaisukuma risasi ya juu kutoka kwenye magazini hadi ndani ya chemba. Pindo likifika mdomoni, risasi inasimama, haiendi mbele zaidi. Kucha ya bolti inalidaka. Baada ya mlio, bolti inarudi na ganda likiwa kwenye kucha, hadi ligonge kitoleo na kurukia nje.

Tatizo huanzia kwenye magazini. Pindo la risasi ya juu lazima litangulie mbele ya pindo la ile ya chini. Ukizipanga kinyume zinakwamana, na hata usukume vipi bolti haiendi.

Halafu kuna uchafu. Risasi hizi hupakwa nta, na masizi yake huganda mdomoni mwa chemba. Risasi isipokaa vizuri, pigo la pini huishia kuisukuma ndani tu, haiwaki. Kwetu pwani ongeza kutu ya hewa ya chumvi: ganda linang'ang'ania, kucha inateleza.

Isipolia, acha mtutu uelekee kwenye shabaha, subiri angalau sekunde 30, ndipo ufungue bolti. Ikiwa risasi nzima imekwama, tafadhali usiichokonoe kwa bisibisi: unapoingiza ncha ndipo hasa fataki ilipo. Mwite fundi wa silaha.