Koleji ya Oxford si chuo cha kati, wala si ndaki

Katika shughuli ya kumpongeza binti wa ndugu yetu, iliyofanyika Morogoro, mjomba wake alivaa miwani, akaisoma mara mbili ile barua ya udahili ambayo vijana walikuwa wameichapisha na kuitia kwenye fremu, kisha akaniinamia sikioni na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayeficha msiba: "Mwalimu, mbona hapa wameandika koleji? Ina maana Cambridge yenyewe ameikosa?" Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa wiki hiyohiyo nilikuwa nimesoma tangazo la wakala mmoja aliyeahidi kuwaombea wateja wake nafasi katika "vyuo vikuu 31 vya Cambridge", na kabla ya hapo nilikuwa nimekutana na habari iliyoigeuza koleji ya Oxford kuwa ndaki, yaani kundi la idara ndani ya chuo kikuu. Neno moja limeshapata maana tatu, na zote tatu si zake.

Koleji, kwa maana ya Oxford na Cambridge, ni jumuiya inayojitawala ndani ya chuo kikuu, yenye katiba yake, mali yake na wakufunzi wake, na karibu kila anayesoma shahada ya kwanza ya kawaida huwa mwanajumuiya wa mojawapo. Chuo kikuu hutoa mihadhara, huendesha mitihani na hutunuku shahada. Koleji humchagua mwanafunzi, humpa malazi na chakula, na humfundisha katika vikundi vya watu wawili au watatu. Oxford ina koleji zaidi ya 30, na Cambridge ina 31. Hayo yanatosha kwa maana, kwa sababu linalotukwaza hasa ni neno lenyewe.

Asili yake ni Kilatini. Collega alikuwa mtu mliyepewa naye kazi moja, na collegium ilikuwa jumuiya ya watu wa namna hiyo. Katika Roma ya kale palikuwa na collegia za mafundi, za makuhani, na hata za watu wa kawaida waliochangishana fedha ili mwenzao akifariki azikwe kwa heshima, yaani chama cha kufa na kuzikana kama tunavyokijua mitaani kwetu. Hakuna shule wala kiwango cha elimu ndani ya neno hilo. Kuna watu waliofungamana. Hata universitas, neno lililozaa jina la Kiingereza la chuo kikuu, lilimaanisha umoja mzima wa walimu na wanafunzi wao, sawa na chama kikubwa cha watu wa kazi moja. Kwa hiyo huko Oxford, ambako University College, Balliol na Merton zote huhesabu umri wake tangu karne ya 13, tofauti ya koleji na chuo kikuu haikuwa tofauti ya mdogo na mkubwa katika elimu, bali ya nyumba na mji.

Neno letu chuo limesafiri njia nyingine kabisa. Kwa wazee wa pwani chuo kilikuwa kitabu, na ndiyo maana Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali. Kutoka kwenye kitabu tukapata chuoni, mahali pa kusomea Kurani, na mwanachuoni, mtu aliyebobea katika elimu. Baadaye tu ndipo chuo kikawa taasisi inayomwandaa mtu kwa kazi, na kikuu kikaongezwa ili kutenganisha ngazi. Tangu hapo masikio yetu yamezoea ngazi: chuo cha ualimu kiko chini, chuo kikuu kiko juu, na nchini Kenya neno koleji lenyewe limekaa palepale kwenye ngazi ya chini. Mjomba alisoma barua ya Kiingereza kwa masikio hayo.

Ndaki nayo ndiyo inayoniudhi zaidi, pengine kwa sababu wanaokosea hapa ni wasomi wenzangu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndaki ni mkusanyiko wa idara za taaluma zinazokaribiana, kama Ndaki ya Insia au Ndaki ya Sayansi za Jamii, na mwanafunzi huingia humo kwa kufuata somo lake. Koleji ya Cambridge haiko hivyo hata kidogo: mezani wakati wa chakula cha jioni anayesoma sheria hukaa kati ya anayesoma udaktari na anayesoma lugha za kale, na wote watatu kesho yake asubuhi watakwenda kwenye vitivo tofauti vya chuo kikuu. Tafsiri ya chuo kikuu kishiriki, yaani chuo kilichofungamana na chuo kikuu kingine, inakaribia kidogo, na ina historia, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa koleji iliyofungamana na Chuo Kikuu cha London. Lakini hata hiyo hutufanya tufikirie tawi lililo mbali na shina, wakati koleji za Oxford ndizo mtaa wenyewe.

Waingereza nao hawajatusaidia. King's College ya Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1441, ni koleji kwa maana niliyoieleza, ilhali King's College London ni taasisi nyingine kabisa, inayodahili kwa jina lake yenyewe na kutoa shahada zake. Imperial College London ilijitoa katika Chuo Kikuu cha London mwaka 2007 na kuwa chuo kikuu kamili, bila kuliacha neno hilo katika jina lake. Eton College ni shule ya sekondari ya wavulana. Anayetaka kutafsiri itambidi aulize kwanza ni koleji ipi, kisha ndipo ashike kalamu.

Kwa mwombaji, kosa hili lina gharama. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vikuu vya Uingereza, na Oxford au Cambridge huchukua nafasi moja tu kati ya tano za fomu. Hairuhusiwi kuomba zote mbili mwaka mmoja, isipokuwa kwa watu wachache sana, na mwisho wa kutuma ni tarehe 15 Oktoba, miezi mitatu kabla ya tarehe ya kawaida ya kozi nyingi za kwingineko. Ukishaandika chuo kikuu na kozi, unataja koleji unayoipenda, au unaacha wazi upangiwe. Anayeahidi kukuombea koleji tano za Cambridge anakuuzia kitu kisichokuwapo. Anayekuuzia siri ya koleji "rahisi" naye anakupunja, kwa sababu koleji hupeana waombaji wazuri waliozidi nafasi zake, na wengi hujikuta wamechukuliwa na koleji ambayo hawakuitaja. Wala usijaze maelezo yako binafsi sifa za bustani na kanisa la koleji fulani, maana maandishi hayohayo husomwa na vyuo vikuu vyote ulivyoomba.

Siku ile nilimrudishia mjomba barua na kumwonyesha kwa kidole mistari miwili: juu jina la koleji iliyoandika, chini jina la chuo kikuu atakakosomea. "Amedahiliwa Chuo Kikuu cha Cambridge," nilimwambia, "na hii ndiyo koleji yake." Alifikiri kidogo, akauliza kama ni sawa na kusema mtu ni wa Morogoro, na mtaa wake ni Kihonda. Nikamwambia ni karibu sana na hivyo, ila huyu mtaa ndio uliomfanyia usaili.