Gofu la bustani ni nini?

Gofu kila mtu wa pwani analijua: kuta zimebaki, paa limekwenda, mti umeota katikati ya chumba alimokuwa akilala mwenye nyumba. Gofu la bustani ni gofu hilohilo likiwa limepewa kazi mpya. Ni jengo la kale, mara nyingi kanisa au nyumba ya watawa, ambalo mwenye shamba ameliingiza katika bustani yake kwa makusudi ili litazamwe. Haliezeki upya, wala halibomoi akajenga jingine. Analitafutia mahali pazuri pa kulitazamia, anapanda miti inayolificha upande huu na kulifunua upande ule, anaotesha nyasi hadi kwenye misingi ya kuta. Kanisa lililoanguka likaachwa kichakani ni gofu tu. Siku likipatiwa njia, kiti cha kupumzikia na bwawa mbele yake, limekuwa gofu la bustani.

Desturi hii ilishamiri Uingereza katika karne ya 18, na haikutokea huko kwa bahati. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa nchini mwake na kutwaa mali zao. Kitu kimoja kilichowahiwa mapema kilikuwa risasi, ile metali nzito iliyoezekwa juu ya mapaa, kwa sababu ilikuwa na bei. Ukishavua risasi kwenye jengo la mawe, mvua inamaliza iliyobaki: boriti zinaoza, chokaa inalainika, dari za matao zinaporomoka. Kisha majirani wanakuja na mikokoteni kubeba mawe. Miaka 200 baadaye nchi ilikuwa na magofu mengi ya Zama za Kati, na baadhi yao yalikuwa yamesimama ndani au kando ya mashamba ya matajiri.

Nichukue mfano mmoja ninaouona kuwa bora kuliko yote: abasia (nyumba kubwa ya watawa) ya Fountains, katika jimbo la Yorkshire. Ilianzishwa mwaka 1132 na watawa waliojiunga na shirika la kitawa la Citeaux, wakakaa bondeni kando ya mto Skell hadi 1539 walipofukuzwa. Mwisho wa kanisa lao upande wa mashariki kuna kikanisa cha Altare Tisa, cha karne ya 13. Altare tisa zilipangwa mstari mmoja, ili mapadre kadhaa waweze kusoma misa kila mmoja kwenye yake. Leo dirisha lake kubwa la mashariki ni tundu tupu. Vioo vimekwenda, kuta nyembamba ndefu zimebaki wazi kwa anga. Ukiinua macho unaona bado mahali matao yalipoanzia kujikunja kuelekea dari ambayo haipo. Ni kama mkono ulionyooshwa kumshika mtu aliyekwisha kuondoka.

Bustani yenyewe ilianza nje ya mpaka wa abasia. John Aislabie, mwenye shamba jirani la Studley Royal, alikuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza hadi kashfa ya Kampuni ya South Sea ilipomwangusha. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Hispania huko Amerika, na hisa zake zilipanda kwa kishindo kisha zikaporomoka mwaka 1720. Mwaka uliofuata Aislabie alifukuzwa bungeni na kufungwa. Alipotoka alirudi Yorkshire, akamalizia maisha yake kwenye maji na miti: alinyoosha mto ukawa mfereji, akachimba mabwawa ya umbo la mwezi. Nadhani msomaji wetu anayo haki ya kuijua historia hiyo ya mwenye bustani, hata kama mabwawa ni mazuri, na ni mazuri kweli.

Abasia ilikuwa pale karibu, lakini ilikuwa ya mtu mwingine. John aliitamani hadi akafa mwaka 1742 bila kuipata. Mwanawe William aliinunua mwaka 1767, na hapo ndipo bustani na gofu vikawa kitu kimoja. Njia inakupeleka juu ya kilima chini ya miti, huoni kitu, mpaka ufike kwenye kijumba kinachoitwa Kiti cha Anne Boleyn, yule mke wa Henry VIII aliyekatwa kichwa; jina lilitokana na sanamu isiyo na kichwa iliyokuwa hapo. Mgeni wa wakati ule alikuta milango imefungwa. Ilipofunguliwa, bonde zima lilimjia kwa mara moja: bwawa chini, nyasi, mto ukipinda, na mbali kabisa kikanisa cha Altare Tisa na mnara mrefu pembeni yake. Hapo ndipo dhana yetu inapoonekana kwa macho. Mawe yaliwekwa na watawa, lakini mshangao umewekwa na mtunza bustani.

Mshangao huo ulikuwa na gharama. William aliondoa vifusi, akang'oa vipande vya kuta alivyoona vinaharibu sura, akapanda bustani ndani ya ua wa watawa. William Gilpin, kasisi aliyewafundisha Waingereza wengi kutazama mandhari kama picha ya mchoraji, alifika akalalamika kwamba mahali pamesafishwa kupita kiasi. Lakini Gilpin huyohuyo, alipoitazama abasia ya Tintern huko Wales, alisema kuta zake za pembetatu zilizokuwa zikishika ncha za paa zina mpangilio mno, na nyundo ikitumiwa kwa busara ingezifaa. Aislabie na Gilpin wote wawili walilipenda gofu. Walichotofautiana ni aina ya picha waliyoitaka.

Kiu ilikuwa kubwa kiasi kwamba asiye na gofu alijijengea. Huko Hagley, katikati ya Uingereza, mbunifu wa majengo Sanderson Miller alijenga ngome iliyovunjika tangu siku ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1740, akatia madirisha yaliyotoka kwenye abasia halisi ya Halesowen. Huko Painshill, Surrey, mwaka 1772 ilisimamishwa “abasia” ya matofali yaliyopigwa lipu ili yafanane na mawe. Hayo ni magofu ya kubuni. Kwa maoni yangu ni vizuri kuyatenga na ya kweli, maana kwenye gofu la kweli kila tundu ukutani lina habari: hapa palishika kiunzi cha fundi, pale pana mstari mlalo uliochongwa paa la varanda lilipoegemea ukuta.

Ugumu unamwangukia mhifadhi wa leo, ambaye lazima achague ni enzi ipi ailinde. Abasia ya Roche, pia Yorkshire, ilikabidhiwa miaka ya 1770 kwa mtunza bustani mashuhuri Lancelot Brown. Alibomoa sehemu za majengo, akafukia misingi, akafunika yote kwa nyasi, akaacha kuta mbili ndefu zisimame peke yake juu ya kijani. Baadaye waakiolojia walichimba na kuifunua misingi ya watawa, na kila walipofunua, kazi ya Brown ilitoweka hapohapo. Fountains ilifuata njia nyingine. Shirika la uhifadhi la National Trust liliichukua mwaka 1983, na mwaka 1986 UNESCO ikaiandika katika Urithi wa Dunia kwa jina linalotaja vyote viwili, bustani ya Studley Royal pamoja na magofu ya abasia. Kwa hiyo mabwawa ya Aislabie, yanayojaa matope kila Skell unapofurika, yanazolewa na kutunzwa kwa bidii ileile inayotumika kuziba nyufa za kikanisa cha Altare Tisa.